LOUISA ALCOTT NA MICHEZO YA BANDANI

 Wengi wenu mmezoea kusoma katika kurasa hizi maisha ya majemadari, marais na wanariadha. Leo nawaletea msichana aliyesomeshwa nyumbani na baba yake, akaigiza michezo katika banda pamoja na dada zake, na alipokufa alikuwa mmoja wa waandishi waliosomwa sana nchini Marekani. Jina lake ni Louisa May Alcott.

Kilichonifanya nishike kalamu ni swali. Muhula wa kwanza, tulipokuwa tukifanya mazoezi ya mchezo wetu wa kuigiza, sisi wanafunzi wa kutwa tulikuwa tukifika nyumbani giza limekwisha kuingia. Siku moja mama alinikuta mlangoni nikivua viatu vilivyojaa tope, akaniuliza, tena bila hasira, huo mchezo utanipa nini. Nilikosa jibu. Mimi ambaye darasani husifiwa kwa ulimi, siku hiyo ulimi uliganda kama uliotiwa gundi.

Wiki iyo hiyo nilikuwa nimeazima maktabani kitabu kikuukuu cha Kiingereza kilichong'oka jalada, Little Women, maana yake Wanawake Wadogo. Katika sura ya pili wasichana wanne wanaigiza mchezo wa Krismasi nyumbani mwao. Nilidhani ni hadithi ya kubuni tu. Kumbe sivyo! Mwalimu mmoja alinieleza kwamba mwandishi alikuwa akisimulia habari zake mwenyewe na za dada zake. Tangu hapo sikutulia mpaka nilipomfahamu.

Louisa alizaliwa tarehe 29 Novemba 1832 huko Germantown, katika jimbo la Pennsylvania. Siku hiyo baba yake, Bronson Alcott, alikuwa akitimiza miaka 33. Baba na binti wakawa na siku moja ya kuzaliwa, na kama mtakavyoona, hata katika kufa hawakuachana sana. Mama yake aliitwa Abigail, na watu wa nyumbani walimwita Abba. Dada mkubwa alikuwa Anna, kisha Louisa mwenyewe, kisha Elizabeth waliyemwita Lizzie, na kitinda mimba alikuwa May aliyezaliwa mwaka 1840.

Huyu Bronson alikuwa mtu wa ajabu. Alikuwa mwana wa mkulima maskini, hakufika chuo kikuu, na katika ujana wake aliwahi kuwa mchuuzi wa kuzunguka na bidhaa mlango kwa mlango. Lakini kiu yake ya elimu haikuwa na kifani. Mwaka 1834 alifungua shule mjini Boston, na mambo aliyofanya humo yangewafurahisha wengi wenu, hasa wale wanaokaa nyuma ya darasa. Hakupenda kukaririsha watoto. Alikuwa akiwauliza maswali na kusubiri wafikiri. Tena kuna wakati mwanafunzi alipokosea, mwalimu huyu alinyosha mkono wake mwenyewe na kumwamuru mkosaji amchape yeye. Inasemekana adhabu hiyo iliwaliza watoto kuliko fimbo yoyote. (Walimu wetu, msinielewe vibaya, mimi nasimulia tu.)

Shule haikudumu. Bronson alipochapisha mazungumzo yake na wanafunzi juu ya Injili, watu wa Boston walipandwa na mori, wazazi wakaanza kuwaondoa watoto. Mwishowe, mwaka 1839, alimpokea msichana mweusi. Wazazi waliobaki walimtaka amfukuze, naye akakataa katakata, hivyo wakawachukua watoto wao na shule ikafa. Bronson alibaki na madeni, na binti zake.

Basi binti zake wakawa ndio shule yake. Mwaka 1840 familia ilihamia Concord, mji mdogo karibu na Boston, na isipokuwa vipindi vifupi hapa na pale, Louisa na dada zake walisomea nyumbani. Baba aliwafundisha watoto herufi kwa kutumia mwili wake mwenyewe, akijinyosha na kujikunja sakafuni mpaka herufi ionekane. Kila mtoto alikuwa na daftari la kuandika mambo ya siku, na wazazi walikuwa wakilisoma na kuacha humo maneno ya kuonya au kutia moyo. Majirani wao hawakuwa watu wa kawaida. Ralph Waldo Emerson, mwanafalsafa mashuhuri, alimwachia Louisa mlango wa maktaba yake wazi. Henry David Thoreau aliwatembeza watoto msituni akiwaonyesha ndege na maua. Ukiniuliza mimi, hiyo ni shule ambayo hata mwana wa tajiri angeionea gere.

Lakini njaa haijui falsafa. Mwaka 1843 Bronson na rafiki zake walianzisha shamba walilolipa jina la Fruitlands, wakikusudia kuishi maisha matakatifu. Hawakula nyama wala maziwa wala mayai. Hawakuvaa pamba, kwa sababu pamba ililimwa na watumwa. Watoto waliamka alfajiri na kuoga maji baridi, kisha wakaimba na kusoma. Nia ilikuwa njema mno, ila wanafalsafa wale walikuwa hodari wa kuzungumza kuliko kulima, na wakati wa mavuno baadhi yao walikuwa safarini wakihubiri. Theluji ilipoanguka hapakuwa na chakula cha kutosha. Baada ya miezi kama saba wakatawanyika. Bronson alilala akageukia ukuta, akakataa kula, hata mkewe akahofia atakufa. Louisa alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja tu na aliyaona yote.

Sasa nafika pale ninapopapenda. Mwaka 1845, kwa urithi alioupata Abba na dola 500 alizotoa Emerson, familia ilinunua nyumba huko Concord, wakaiita Hillside. Ilikuwa na kilima nyuma yake, na palikuwa na banda. Banda hilo ndilo lililogeuka jukwaa.

Walianza na hadithi za watoto. Katika ile ya Jack na mharagwe uliofika mbinguni, walichukua mmea wa mboga jamii ya maboga wakautambaza juu ya ngazi, na Jack alipoukata, jitu lilibingirika kutoka darini. Katika hadithi ya Cinderella, boga kubwa ndilo lililokuwa gari lake. Kulikuwa na hadithi nyingine ya mwanamke aliyepoteza bure maombi yake matatu, nao waliteremsha soseji ndefu nyeusi kwa uzi kutoka juu mpaka ikamnasa puani. Siku nyingine waliigiza Safari ya Msafiri, kitabu ambacho baba yao alikipenda kupita kiasi, wakaukwea mlima ule wa nyuma ya nyumba na fimbo mkononi, kama mahujaji. Hawakuwa na fedha za kununua maleba. Vitu vilitoka jikoni, kabatini na bustanini.

Walipokua kidogo, Louisa alianza kutunga tamthilia za kutisha, zenye wachawi, majambazi, sumu na mapenzi yaliyokatazwa. Moja iliitwa Norna. Tatizo lilikuwa waigizaji. Anna na Louisa ndio waliobeba mzigo karibu wote, kila mmoja akicheza watu watano sita, akikimbia nyuma ya pazia kubadili nguo na kurudi na sauti nyingine. Anna alipendeza katika nafasi za wapenzi na wanawali wanaoteseka. Louisa hakutaka hizo. Yeye alitaka kuwa mhalifu au mwanamume mwenye upanga. Lizzie alikuwa mwenye haya, alipenda kinanda chake na kazi za pembeni, na hakuna aliyemlazimisha kusimama mbele za watu. Jambo hilo nimelishika moyoni, kwa kuwa katika chama chetu pia tuna wenzetu wanaoshona na kupaka rangi, na jina lao halitangazwi wakati wa kupiga makofi.

Je, nani walitazama? Watoto wa jirani, akina mama wa mtaani, na hata washairi na wanafalsafa waliokuja kuzungumza na baba. Hebu fikiria, mtoto wa miaka kumi na mitatu anacheza jambazi, na mbele yake amekaa mtu ambaye vitabu vyake vitasomwa vyuo vikuu! Wazazi hawakusema huo ni upuzi wa watoto. Walikaa wakatazama. Na nyumba hiyo hiyo ya michezo, mwanzoni mwa mwaka 1847, ilimficha mtumwa aliyetoroka, ingawa sheria ilikataza. Watoto wale waliyaona mambo mazito pamoja na ya kuchekesha chini ya paa moja.

Hata hivyo sitaki kumpamba Bronson. Alikuwa mwalimu bora na mtafutaji riziki hafifu. Aliamini kwamba mtu mwema hapaswi kufanya kazi ya ujira asiyoiamini, na kazi aliyoiamini haikulipa. Mzigo ukamwangukia Abba, kisha binti zake. Louisa alipokuwa na miaka kama kumi na mitano, rika letu kabisa, alipanda kilimani siku moja, akaketi juu ya gurudumu la mkokoteni mkuukuu huku kunguru wakilia, akajiapiza kwamba atafanya lolote, awe atafundisha, atashona, ataigiza au ataandika, mpaka familia yake iondokewe na ukata. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwa muda. Wangapi kati yetu hatujawahi kula kiapo kama hicho tukiwa njiani kurudi nyumbani?

Mwaka 1848 walirudi Boston. Abba alipata kazi ya kuwahudumia maskini wa mjini, na baadaye akafungua ofisi ya kuwatafutia watu kazi. Louisa alifundisha na kushona. Mwaka 1851 alikwenda kuwa mtumishi katika nyumba moja huko Dedham, akadhani ni kazi ya kumliwaza mgonjwa na kusoma vitabu. Wapi! Alipasua kuni, akateka maji, akazoa theluji. Baada ya wiki saba alilipwa dola 4, basi. Familia yake, pamoja na umaskini wote ule, ilizirudisha.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwishoni mwa mwaka 1854. Kilikuwa hadithi za maua alizokuwa amemtungia binti wa Emerson, nacho kilimpa dola 32. Mwaka uliofuata familia ilikuwa Walpole, katika jimbo la New Hampshire, na hapo Anna na Louisa walijiunga na kikundi cha waigizaji wa mjini. Mambo ya bandani sasa yalikuwa na jukwaa la kweli. Lakini furaha hiyo ilichanganyika na msiba. Mwaka 1856 Abba alikuwa akiisaidia familia moja maskini iliyoshikwa na homa kali ya vipele vyekundu, na Lizzie akaambukizwa. Hakupona sawasawa. Alififia polepole, mpaka tarehe 14 Machi 1858 alipofariki, akiwa na miaka 22. Kinanda kikanyamaza.

Mwaka huo huo wa 1858 Louisa alikaribia kuwa mwigizaji wa kulipwa. Meneja wa ukumbi mmoja wa Boston alikubali kumjaribu katika nafasi ya mwanamke mjane, mipango ikafanywa kwa siri ili jamaa wasishtuke. Kisha meneja akavunjika mguu! Nafasi ikayeyuka. Mimi hucheka kila ninapofika hapo, halafu nahuzunika, kwa sababu mguu huo mmoja huenda ndio uliotupa mwandishi na kutunyima mwigizaji. Alibaki kuigiza na watu wa Concord. Anna pia. Katika kikundi hicho Anna alimpata John Pratt, mwigizaji mwenzake, wakafunga ndoa mwezi Mei 1860. Kwa hiyo anayesema mchezo wa kuigiza hauleti kitu, na amwulize Anna.

Hapa lazima nimrudie baba, maana mwaka 1859 bahati yake iligeuka kidogo. Mji wa Concord ulimteua kuwa msimamizi wa shule zake, kwa mshahara wa dola 100 kwa mwaka. Kile alichokuwa akifanya sebuleni na binti zake akakipeleka katika kila shule: nyimbo, mazoezi ya viungo, mazungumzo. Akaanzisha pia sherehe ya kila mwaka ambapo wanafunzi wa mji mzima walikutana na kuonyesha mbele ya wazazi walichojifunza. Ilikuwa kama siku yetu ya wazazi, ila ya shule zote pamoja.

Mwezi Machi 1861 watoto kama mia nne walijaa ukumbini, na Louisa alikuwa ameombwa atunge wimbo wao. Alitunga, na ndani yake akataja jina la John Brown, mzungu aliyenyongwa Desemba 1859 kwa kujaribu kuwaamsha watumwa wapigane. Akataja na Phillips, msemaji mkali wa kupinga utumwa. Baadhi ya wazee wa mji walinung'unika, wakataka majina hayo yaondolewe, eti watoto wasiimbe siasa. Emerson alikataa kuuacha wimbo, akasema atausoma yeye mwenyewe mbele ya watu. Akasimama akausoma wote, majina na yote. Mwishoni kijana mmoja alisimama kwa niaba ya wanafunzi akamkabidhi Bronson zawadi ya vitabu, naye hakuwa ametarajia. Baba aliyefungiwa shule Boston kwa ajili ya mtoto mmoja mweusi, sasa alisimama mbele ya watoto mia nne wakiimba wimbo wa binti yake. Wiki chache baadaye vita baina ya majimbo ya Kaskazini na Kusini vikaanza.

Louisa hakuweza kukaa nyumbani akishona soksi. Desemba 1862 alikwenda kuwa muuguzi katika hospitali ya askari huko Georgetown, Washington. Hospitali ilikuwa hoteli kuukuu, madirisha yamevunjika, wagonjwa wamelala katika vyumba vya dansi. Aliwaosha majeruhi, akawaandikia barua za mwisho kwa mama zao. Kabla ya miezi miwili kutimia alishikwa na homa ya matumbo, na madaktari wa wakati ule wakampa dawa yenye zebaki. Baba alikuja kumchukua akiwa hoi bin taabani. Alipona, lakini afya yake haikurudi tena kama zamani, na yeye mwenyewe aliamini kwamba dawa ile ndiyo iliyomwachia maumivu. Barua alizoandika kutoka hospitalini ziligeuzwa kitabu mwaka 1863, na watu wakaanza kumjua. Alipopata nguvu, alirudi jukwaani, safari hii akiigiza vipande vya hadithi za Charles Dickens ili fedha za kiingilio ziwasaidie askari. Watu wa Concord walimkumbuka hasa kama Bi. Jarley, mama mwenye maonyesho ya sanamu za nta, na kila palipokuwa na harambee ya kuchangia jambo jema walimwita aje na sanamu zake.

Kabla ya uuguzi huo, jambo moja lilikuwa limemchoma. Mchapishaji James T. Fields aliisoma hadithi yake ya kazi ile ya utumishi, akamshauri arudi kwenye ualimu maana kuandika hakuwezi. Akamkopesha dola 40 aanzishe shule ndogo. Louisa alifundisha, akashindwa kuipenda kazi hiyo, akaendelea kuandika usiku. Alipofanikiwa, alimrudishia Fields dola zake 40. Nadhani hakuna fedha aliyoitoa kwa raha kuliko hiyo!

Mchapishaji mwingine, Thomas Niles, ndiye aliyemwomba aandike kitabu cha wasichana. Louisa hakupenda. Alisema hajui wasichana isipokuwa dada zake. Lakini baba yake naye alitaka kuchapishiwa kitabu, na Niles alionyesha kwamba mambo hayo mawili yangeweza kwenda pamoja. Mwezi Mei 1868 akaketi kwenye meza ndogo ya nusu duara ambayo baba alikuwa amemtengenezea dirishani, akaanza. Aliwageuza dada zake wakawa Meg, Beth na Amy, na yeye mwenyewe Jo. May alichora picha, nazo hazikusifiwa sana. Kitabu kilitoka mwishoni mwa Septemba 1868. Nakala 2,000 za kwanza ziliisha upesi kama mahamri ya moto. Sehemu ya pili aliandika sura moja karibu kila siku, ikatoka mwaka 1869.

Na mchezo wa Krismasi umo. Wasichana wa mtaani wamealikwa na kuketishwa juu ya kitanda cha kukunja. Mnara unaanguka katikati ya onyesho. Watazamaji wanapopiga makofi mwishoni, kitanda kinajifunga na kuwameza wote, nao wanatolewa mmoja mmoja wakicheka hadi machozi. Jo anavaa buti za ngozi anazozithamini kama dhahabu. Hayo yote ni banda la Hillside, ila limepakwa rangi kidogo. Jambo moja tu amelibadilisha sana, nami sijaacha kulifikiria. Katika kitabu baba hayupo, yuko vitani akiwahudumia askari, kwa hiyo umaskini wa nyumba una sababu ya kishujaa. Katika maisha, baba alikuwa yuko nyumbani. Nafikiri Louisa alimpenda kiasi cha kumficha.

Fedha zikaja. Niles alikuwa amemshauri asiuze haki ya kitabu bali apokee sehemu ya kila nakala itakayouzwa, na ushauri huo ndio uliomtajirisha. Alilipa madeni yote ya familia, hata yale ambayo wenye kudai walikuwa wamekwisha kukata tamaa. Akampeleka May Ulaya kusomea uchoraji, na mwaka 1877 mchoro wa May ulionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Paris. Mkono wa kulia wa Louisa ulipokakamaa kwa kuandika, alijifundisha kuandika kwa wa kushoto. Vitabu vikafuatana, ila yeye aliandika kama mtu anayelipa deni, na mara nyingi mwili ulimwuma.

Usiku huo nilipomaliza sura ya mchezo, niliwasomea ndugu zangu wadogo nikiigeuza kwa Kiswahili, sauti ya Jo nene na ya mchawi nyembamba. Kitanda kilipojikunja, kaka yangu mdogo alianguka kutoka kwenye stuli kwa kicheko. Mama alikuwa akimenya viazi. Hakusema neno juu ya mazoezi yetu, lakini kisu kilisimama, na nilipotaka kufunga kitabu aliuliza kama yule mchawi alikamatwa.

Nirudi kwa Louisa. Hakuolewa. Mwaka 1879 jimbo lake la Massachusetts liliwaruhusu wanawake kupiga kura katika mambo ya shule, naye akawa mwanamke wa kwanza kujiandikisha Concord. Machi 1880 wanawake ishirini walipiga kura. Bronson, mzee wa miaka themanini, alipendekeza wanawake watangulie kwa heshima. Walipomaliza tu, kura ikafungwa kabla mwanamume hata mmoja hajapiga! Kamati ya shule ikachaguliwa na wanawake hao peke yao.

Mama Abba alikuwa ameaga dunia mwaka 1877. May alifia Ufaransa Desemba 1879, wiki chache baada ya kujifungua binti, na mtoto huyo, Lulu, aliletwa ng'ambo ya bahari mwaka 1880 akalelewa na shangazi... la, na mama mkubwa wake Louisa, maana alikuwa dada wa mama. Louisa alimtungia hadithi kama alivyowatungia dada zake.

Bronson alifariki tarehe 4 Machi 1888. Louisa, akiwa mgonjwa sana, alikuwa amekwenda kumwona siku chache kabla, na hakujulishwa kifo hicho. Alikata roho tarehe 6 Machi, siku mbili tu baada ya baba, akiwa na miaka 55. Wamezikwa katika makaburi ya Sleepy Hollow huko Concord, na nyumba alimoandikia kitabu chake, Orchard House, imekuwa jumba la makumbusho tangu 1912.

Alibaki Anna peke yake kati ya wale wanne. Alifungua masanduku, akazitoa tamthilia zile za utotoni zilizoandikwa kwa ajili ya banda, akazikusanya na kuzipeleka kwa mchapishaji. Zilitoka mwaka 1893, na dibaji akaiandika yeye, akieleza jinsi walivyobadili nguo nyuma ya pazia. Mwaka huo huo, mwezi Julai, Anna naye akafariki.